Bendera Nyekundu Ujiji: Liwali, Mtware na Khalifa katika Pwani ya Ziwa Tanganyika

Neno liwali lina safari ndefu. Asili yake ni al-wali la Kiarabu, maana yake mtu aliyekabidhiwa mamlaka na mwingine aliye juu yake. Waswahili walilipokea pamoja na kiambishi chake cha mbele, wakalilainisha, wakalifanya lao. Kadhi limetoka huko huko, na akida, na khalifa. Lakini bendera, ambayo liwali aliitweka mbele ya nyumba yake, ni neno la Kireno. Jemadari aliyewaongoza askari wake lina asili ya Kiajemi, likapita Bara Hindi kabla ya kufika kwetu. Na mtware, ambaye liwali alipaswa kuelewana naye kabla ya kushusha mizigo kando ya ziwa, ni neno la Waha na jirani zao. Mwalimu anayetaka kuwaeleza wanafunzi wake namna utawala wa Kiislamu ulivyoingia nchi ya bara aweza kuanza na maneno haya machache. Yaonyesha ya kwamba dola ile haikushuka ikiwa imekamilika kama mzigo uliofungwa. Ilijengwa njiani, na Ujiji ndiko ilikofika mwisho wa kamba yake.

Katika insha hii nakusudia kuchunguza jambo moja: mamlaka ya Kiislamu katika mji wa Ujiji yalitoka wapi, na ni nani aliyeyatambua? Wengi wetu tulipokuwa shuleni tulifundishwa Ujiji kwa ajili ya mwembe tu, pale Stanley alipokutana na Livingstone mwezi Novemba 1871. Mgeni husimama mbele ya mnara akasoma majina ya wageni wawili, na huku mji mzima ameupa kisogo. Mji ule ulikuwa na wenyewe, na wenyewe walikuwa na siasa.

Yafaa kwanza tutazame fikra yenyewe ya utawala, kwa sababu watu waliofika ziwani kutoka pwani hawakuja na pembe na nguo tu. Dola ya Unguja ilikuwa ya ukoo wa Al Busaidi, na watawala wake walikuwa Waibadhi. Madhehebu ya Ibadhi yana msimamo wa pekee juu ya uongozi: Imamu huchaguliwa na wanavyuoni na wazee kwa ajili ya elimu na uchaji wake, wala si lazima awe wa kabila la Mtume, na akipotoka, waumini wanaweza kumwondoa. Ahmad bin Said, aliyeanzisha utawala wa ukoo huo katika karne ya 18, alichaguliwa kuwa Imamu. Baada yake uongozi uligeuka kuwa urithi wa damu, na wajukuu zake waliacha jina la Imamu wakatosheka kuitwa Sayyid. Said bin Sultan, aliyetawala tangu 1806 hata 1856 na aliyeihamishia baraza yake Unguja, hakuwa Imamu. Wazungu ndio waliozoea kumwita Sultani, na jina hilo likawashika warithi wake. Huko Oman fikra ya zamani haikufa: mwaka 1868 wanavyuoni walimchagua Azzan bin Qais kuwa Imamu, akatawala mpaka alipouawa 1871. Barghash bin Said, aliyekalia kiti cha Unguja 1870, aliijua vizuri fikra hiyo, na kiwanda cha uchapaji alichokianzisha Unguja kilichapa vitabu vikubwa vya Kiibadhi.

Hata hivyo raia wa Barghash, Waswahili wa Mrima, wa Kilwa na wa Lamu, walikuwa Washafii. Kwa hiyo Unguja ilikuwa na makadhi wa madhehebu mawili, wa Kiibadhi na wa Kishafii, na kila mtu aliamuliwa kwa fiqhi yake. Miongoni mwa Washafii waliokuwa na sauti katika baraza ya Sultani alikuwamo Sheikh Abdulaziz bin Abdulghani al-Amawi, mzaliwa wa Barawa, aliyefariki 1896. Mpango huu wa makadhi wawili chini ya mtawala mmoja haukuwa udhaifu. Ulikuwa ni njia ya kutawala watu ambao mtawala hakuwa na nguvu ya kuwabadili.

Washafii nao walikuwa na hazina yao ya fikra. Al-Mawardi, mwanachuoni wa Baghdad aliyefariki mwaka 1058, aliandika kitabu kiitwacho al-Ahkam as-Sultaniyya, yaani hukumu za utawala. Aliishi wakati Khalifa wa Baghdad alibaki na jina huku nguvu zikiwa mikononi mwa maamiri wenye majeshi. Al-Mawardi akapambanua aina mbili za uamiri: ule ambao Khalifa ampa mtu kwa hiari yake, na ule ambao mtu kwanza ameutwaa kwa nguvu zake, kisha Khalifa akamkubali ili sheria isivunjike na umoja wa Waislamu usipasuke. Aina hii ya pili msomaji aiweke akilini, kwa maana tutaikuta kando ya ziwa letu, miaka zaidi ya mia nane baada ya kalamu ya al-Mawardi kukauka.

Sasa natuje Ujiji. Waarabu wa kwanza walifika hapo yapata mwaka 1840. Burton na Speke walipofika Februari 1858, mji ulikuwa bado wa Wajiji. Mkuu wa Kawele, jina lake Kannena, ndiye aliyetoza ushuru na kuwatia jasho wageni, na wafanyabiashara wa pwani walikuja wakati wa kiangazi, wakauza na kununua, wakarudi Unyanyembe. Juu ya wakuu wa pwani ya ziwa alikuwako mwami, na chini yao walikuwako wateko, wazee waliolinda ardhi na kuamua mambo ya mitaa.

Hapa pana jambo ambalo wanafunzi hulipenda, nami naliona ni kiini cha historia ya mji. Stanley alipokaa Ujiji mwaka 1876 aliambiwa ya kwamba mfalme wa Wajiji aliishi milimani, upande wa Urundi, wala hakuthubutu kushuka pwani, kwani iliaminika kuwa siku macho yake yatakapoona maji ya ziwa ndiyo siku ya kufa kwake. Wazungu waliliandika jambo hili kama kichekesho cha washenzi. Mimi naliona kuwa kanuni ya utawala. Mwiko uliuweka ufalme milimani, kwenye mashamba na ng'ombe, na pwani ukaiacha mikononi mwa watware na wateko, watu waliozoea kupatana na wageni. Kwa hiyo wafanyabiashara walipozidi kuwa wengi, hawakukuta kiti cha enzi cha kukipindua. Walikuta nafasi.

Mtu aliyejua kuitumia nafasi hiyo ni Mwinyi Kheri. Hakuwa Mwarabu wa Oman. Alikuwa Mswahili wa Mrima, na mwinyi ni cheo chetu cha kale cha pwani, maana yake mwenye mji au mwenye neno. Alioa katika ukoo wa wakuu wa Wajiji, akakaa nao kama mkwe. Katika miaka ya 1870 wageni wote waliofika walimtaja kuwa ndiye mkubwa wa jamii ya Kiislamu ya mji. Stanley ameeleza jinsi mji ulivyogawanyika: Ugoi walikaa Waarabu, na Kawele walikaa Waungwana, watumwa na wenyeji. Mwinyi Kheri aliusimamia mji huo wa sehemu mbili bila ya hati ya kuteuliwa. Mambo yaliamuliwa kwa shauri: wakubwa walikutana barazani, wakasema, wakasikilizana, na aliyekuwa na ushawishi alishinda. Huo ndio ushura, mashauriano, ambao Kurani imewasifu waumini kwao. Lakini tusijidanganye. Waliokaa barazani walikuwa wenye mali, na sehemu ya mali yenyewe ilikuwa ni binadamu.

Vitabu vya siasa ya Kiislamu husema kuwa dalili za mtawala ni mbili: jina lake kutajwa katika hotuba ya Ijumaa, na fedha yake kutumika sokoni. Tuichukue dalili ya pili tuende nayo katika soko la Ujiji. Fedha ya soko hilo ilikuwa sofi, shanga zenye umbo la vipande vya shina la kiko vilivyovunjika. Cameron, aliyefika Februari 1874, ameeleza vizuri namna ilivyotumika. Asubuhi walikuja watu wenye mifuko iliyojaa sofi, wakabadilishana na wanunuzi kwa nguo na shanga nyingine. Soko lilipokwisha, watu hao hao walizipokea tena sofi kutoka kwa wauzaji na kuwapa vitu walivyotaka. Hawakukosa faida katika kwenda wala katika kurudi. Samaki, mawese, chumvi ya Uvinza, mihogo, mbuzi, pembe na watumwa, vyote vilipimwa kwa sofi. Mwaka 1299 wa Hijra, yaani 1882, Barghash alitoa pesa za shaba na riale zenye jina lake. Ziwani sofi ndiyo iliyokuwa bwana wa soko, wala hapakuwa na jina la mfalme juu yake. Mtu akiniuliza mamlaka ya Sultani yalifika wapi, nitamwambia atazame mkononi mwa mwanamke auzaye dagaa.

Bendera, hata hivyo, ilifika. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 Mwinyi Kheri aliipokea bendera nyekundu ya Sultani na kuitweka Ujiji, akawa liwali wake. Kwa nini wakati ule, baada ya miaka mingi ya kutawala bila ya bendera? Sababu zilikuwa pande zote mbili. Mnamo Agosti 1878 wamisionari wa London walifika Ujiji, miongoni mwao Edward Hore, baharia aliyeacha maandishi mengi juu ya ziwa. Na mwanzoni mwa 1879 wakafika Mapadre Weupe. Watu wa London walitaka ardhi Kigoma. Wakubwa wa Ujiji hawakupenda, wakaweka vikwazo, na mwaka huo wa 1879 wamisionari wakavuka ziwa wakajenga Mtowa, ng'ambo ya magharibi. Ukaja ubishi wa kisheria ambao hakuna aliyeweza kuumaliza: ardhi ile ni ya nani kuitoa? Ni ya Wajiji wenye nchi, au ya wafanyabiashara waliokaa mjini, au ya Sultani aliyekuwa mbali safari ya miezi? Mwinyi Kheri alihitaji jina kubwa la kuwakabili wageni ambao nyuma yao palikuwa na balozi wa Kiingereza. Barghash naye, akiona Wazungu wanaingia bara kwa wingi, alihitaji kuonyesha ya kwamba bara ina mwenyewe.

Hivyo ndivyo maneno ya al-Mawardi yalivyotimia. Sultani hakumfanya Mwinyi Kheri kuwa mtawala. Alimkuta mtawala akamvika kilemba. Sisi tutungao mashairi tunaijua hali hii: mara nyingine kina hupatikana mapema, na maana ikaja baadaye kukihalalisha. Tofauti na Baghdad ni kwamba Mwinyi Kheri hakuutwaa mji kwa upanga. Aliupata kwa ndoa, kwa mkopo na kwa subira, na chini ya bendera ile watware na wateko waliendelea na kazi zao.

Mimi nakaa Kibirizi, kaskazini kidogo ya mji wa Kigoma, ambako mitumbwi hushusha migebuka na dagaa, na mashua za abiria huondoka kwenda vijiji vya kaskazini. Mtu akisimama hapa akatazama kusini na kaskazini, huona mara moja kwa nini mamlaka ya ziwa yalikuwa mamlaka ya magati na bandari ndogo, wala si ya mipaka. Aliyepatana na wenye gati alisafiri. Asiyepatana nao alibaki na mzigo wake.

Mwinyi Kheri alifariki 1885, na siasa ya mapatano ikadhoofika. Nguvu zilimwendea Muhammad bin Khalfan al-Barwani, mtu wa Lindi, ambaye kwa lakabu aliitwa Rumaliza. Alishirikiana na Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, na alikuwa mfuasi wa tarika ya Kadiriya. Rumaliza alitaka kuligeuza ziwa zima kuwa milki. Vikosi vyake vilifika Uvira na pwani ya Urundi. Huko Urundi Mwami Mwezi Gisabo alimzuia. Historia haina haja ya kumpamba. Vijiji vya pwani ya ziwa vilichomwa, na watu wa Umanyema na wa pande nyingine walichukuliwa utumwani. Barghash alikuwa amekwisha kutia sahihi mkataba wa 1873 wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, na mwaka 1876 akapiga marufuku misafara ya watumwa kutoka bara, lakini amri ilipofika Ujiji ilikuwa imechoka kwa safari. Hapa ndipo fikra ya utawala niliyoieleza ilipojaribiwa. Sheria iliyomlinda yatima katika mirathi na mke katika talaka ilimkuta mtu aliyenyakuliwa kijijini kwake, na wenye sheria wakatazama kando. Wanavyuoni wanajua ya kwamba fiqhi haihalalishi kumteka mtu huru kwa ajili ya kumwuza. Walioteka walijua pia.

Wakati Rumaliza anapigana ng'ambo, karatasi zilizoandikwa Ulaya zilikuwa zinaing'oa nguzo ya bendera. Mwaka 1885 Barghash alilalamika kwa Mfalme wa Ujerumani juu ya nchi zilizotwaliwa nyuma ya pwani yake. Akajibiwa kwa manowari. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilipatana kuwa bara ya Sultani ni ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi tu. Kwa kalamu hiyo liwali wa Ujiji akawa liwali wa mtu asiye na nchi. Mwanzoni mwa 1894 majeshi ya Dola ya Kongo yalimshinda Rumaliza, akakimbilia upande wa Wajerumani, na hatimaye akaishia Unguja. Tippu Tip amesimulia sehemu yake ya mambo hayo katika maisha yake aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili, kitabu ambacho kila shule yetu yafaa iwe nacho.

Wajerumani walijenga boma Ujiji 1896. Liwali na akida hawakuondolewa, waligeuzwa maana. Liwali wa Mwinyi Kheri alisimama juu ya mapatano na wenyeji, na bendera ilikuja baadaye. Liwali wa Kijerumani alisimama juu ya mshahara, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kodi. Jina lilibaki lile lile, na pengine ndiyo maana watu wengi hadi leo hudhani ni kitu kile kile. Mwaka 1914 reli ilifika Kigoma, bandari ikahamia huko, na Ujiji ikabaki mji wa nyumba na misikiti. Wabelgiji waliitwaa Kigoma 1916, wakakaa mpaka 1921 walipoikabidhi kwa Waingereza.

Basi mamlaka ya Kiislamu yalikwenda wapi baada ya kupoteza bendera? Yalikwenda chini, kwa watu. Kadiriya, tarika inayojinasibisha na Sheikh Abdulkadir Jilani wa Baghdad aliyefariki 1166, ilienezwa Unguja na pwani hasa na Sheikh Uwais bin Muhammad wa Barawa, aliyeuawa 1909; kutoka pwani ikaingia Tabora na Ujiji. Utaratibu wake ni wa kisiasa kwa namna yake. Khalifa hupewa ijaza na sheikh wake, naye sheikh ana silsila inayomfungamanisha na wa kabla yake. Damu ya kabila haikuwa sharti. Kwa Wamanyema wa Ujiji, ambao wengi wao wazee wao walivuka ziwa wakiwa wapagazi, askari au watumwa, jambo hili lilikuwa na uzito mkubwa. Mtu ambaye baraza ya Ugoi isingempa kiti aliweza kuongoza zikri, kufundisha chuoni, na kusikilizwa anaposuluhisha ugomvi. Sheria ya kukomesha utumwa Tanganyika ilipotungwa 1922, katika duara la zikri jambo hilo lilikwisha kuanza zamani.

Wajerumani waliiogopa nguvu hiyo kwa sababu hawakuweza kuiandika katika daftari la mishahara. Mwaka 1908 ulipoenea Waraka wa Makka, barua iliyowaonya Waislamu kuwa mwisho wa dunia umekaribia na kuwataka watubu, maofisa walihaha kutoka Lindi hadi bara, wakamshuku Rumaliza, mzee aliyekuwa amekaa Unguja, kuwa ana mkono ndani yake.

Mambo ya baadaye nayapitia kwa haraka. Waingereza waliendelea na maliwali katika miji. Baada ya Uhuru, mwaka 1963, Tanganyika ilifuta utawala wa machifu na kuunganisha mahakama zote katika utaratibu mmoja, hivyo mahakama za maliwali na makadhi wa bara zikakoma. Sheria ya Kiislamu yenyewe haikufutwa. Sheria ya 1964 ilimruhusu Waziri kutangaza kanuni zake kwa maandishi, na mahakimu wa serikali waliendelea kuitumia katika mirathi ya Waislamu. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliziweka ndoa zote chini ya paa moja. Jumuiya ya Waislamu wa Afrika Mashariki, iliyoanzishwa 1945, ilipigwa marufuku Desemba 1968, na likaanzishwa Baraza Kuu la Waislamu wa Tanzania, Bakwata, ambalo mabaraza yake husuluhisha wanandoa kabla ya shauri kwenda mahakamani. Zanzibar ilibaki na makadhi wake kwa sheria, na Sheria ya Mahakama za Makadhi ya 1985 ikawapangia kazi zao upya. Kwa upande wa bara swali la kadhi lilirudi kwa kishindo katika Bunge Maalumu la Katiba la 2014, na wale waliobishana walitaja sana Unguja na Kenya. Ujiji haikutajwa sana, ingawa ndiko ambako liwali aliwahi kukaa miaka mingi bila ya kuteuliwa na mtu, na akatiiwa; na ambako alipoteuliwa na serikali yenye bunduki, watu walimlipa kodi yake, kisha jioni wakaenda kumwuliza khalifa.